Bugali Katika Ghala la Mbegu

Siku mliyoniaga mlinipa kiti cha plastiki chenye mikono, shati la kitenge lililoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine, na dakika tano za kusema. Kiti ndicho ninachokalia sasa. Shati limekwenda kwa mkwe wangu. Dakika tano nilizimaliza kwa kuwashukuru waliokuwepo na baadhi ya ambao hawakuwepo, na jambo lenyewe nililotaka kusema likabaki tumboni. Kwa hiyo naandika. Najua nyinyi vijana wa atelie yetu ya programu mmezoea maneno mafupi kwenye simu. Jitahidini. Mzee wenu hana haraka tena.

Sitasimulia jinsi nilivyopandishwa cheo. Ilitokea mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa kosa la aliyeandika barua. Nitasimulia kazi: nani alinifundisha, vyombo gani nilishika, na kosa moja nililofanya nywele zikiwa nyeupe tayari, ambalo mtu mwingine alilibeba kwa miaka mitatu. Mtu huyo ni Furaha. Nyote mnamjua. Hamjui kwa nini aliwahi kuondoka.

Nilianza kazi na diploma yangu ya sekondari ndani ya bahasha, katika imprimeri, kiwanda kidogo cha uchapaji, karibu na soko la Uvira. Fundi wa herufi alikuwa Mzee Ramazani, wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara ambao mababu zao walifika ziwani na misafara wakaona hakuna sababu ya kurudi. Aliisoma diploma yangu yote, hata sahihi za chini, akanirudishia, kisha akanipa ndoo ya herufi za risasi zilizomwagika chini. Kazi yangu ya siku ya kwanza ilikuwa kuzirudisha kila moja kwenye chumba chake ndani ya kasha. Herufi za risasi zimegeuzwa, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Nilimaliza baada ya siku mbili nikijiona msomi. Mzee Ramazani alilikagua kasha, akalimwaga tena kwenye ndoo, akasema nianze upya, maana diploma yangu ilisoma kutoka kushoto tu.

Alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka ikaniingia mifupani: kila kitu kinachotoka kwenye mashine, nakala moja inaingia kabatini. Kadi ya harusi, risala ya mazishi, cheti cha shule, vyote. Nilifikiri ni uzee tu, mpaka siku ile mkuu mmoja wa shule alipokuja amekunja uso, akidai kwamba tumeharibu jina la shule yake kwenye vyeti vyote. Mzee Ramazani hakubishana. Alikwenda kabatini, akarudi na karatasi ya majaribio yenye kosa lile lile, na chini yake sahihi ya mkuu na kashe, yaani muhuri, ya shule, rangi ya zambarau, imepigwa kwa nguvu. Mkuu aliitazama sahihi yake, kisha akaitazama dari kwa muda mrefu.

"Karatasi haina haya, bwana," Mzee Ramazani alimwambia kwa upole. "Inasema tu."

Toka siku ile nikawa mtu wa kabati. Lakini kuna jambo lingine ambalo Mzee Ramazani alilifanya kila alasiri mbele ya macho yangu, nami sikulitia maanani. Alikuwa anaufungua ukurasa uliokwisha kuchapwa na kurudisha herufi zote kwenye kasha, moja moja. Tena kabati la nakala lilikaa chumba kingine, na ufunguo wake mwingine. Hakuruhusu hata karatasi moja ilale juu ya kasha la herufi. Nilimuuliza mara moja kwa nini asiache ukurasa umefungwa hivyo hivyo, ili kesho usimsumbue. Akanijibu kwamba kesho harusi ni ya mtu mwingine. Nilicheka, nikaendelea kufagia. Nilichukua nusu ya somo, na nusu ile ndiyo iliyonifikisha kwenye aibu.

Miaka ikapita. Ordinateri zikaja, au kompyuta kama wanavyosema wenzetu wa Kigoma. Mzee Ramazani alifariki, Mungu amrehemu, na herufi zake ziliyeyushwa kuwa vizito vya nyavu. Ndagala wengi wa Uvira wamevuliwa kwa alfabeti nzima, na hakuna hata mmoja aliyejua kusoma. Mimi nilijifunza kupanga kurasa kwenye skrini, na imprimeri ilipofunga milango, Shefu Bahati alinichukua kwenye atelie yenu ya Kavimvira, ile nyumba ambayo mkifungua dirisha mnasikia wabadilisha fedha wa mpakani wakiitana. Alitaka mtu wa kusahihisha Kifaransa na Kiswahili kwenye programu za simu zilizokuwa zinaandikwa humo. Na kwa kuwa nilikuwa mtu pekee aliyefika saa ya kazi, alinifanya pia mtunza depo, nami nikadhani ni ghala.

Siku ya kwanza niliomba ufunguo wa depo. Wote walicheka, ila msichana mmoja ambaye alisogeza kiti chake karibu na changu. Huyo alikuwa Furaha, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Sange, wa tano katikati ya ndugu wanane, mwenye miaka ishirini na sita.

"Papa Kashindi, hii depo haina mulango," aliniambia. "Iko ndani ya ordinateri."

"Na nani iko anailinda?"

"Weye, Papa. Njo maana wamekuita."

Akanieleza habari za Git, ambayo kwa mtu wa kabati ilikuwa kama habari za mbinguni. Kila mmoja anaandika kazi yake mahali pake. Akimaliza, anaiandikisha kwenye depo: jina lake, saa, na sentensi moja ya kusema amebadilisha nini. Hakuna kinachopotea. Ukitaka kujua nani aligusa mstari fulani miaka miwili iliyopita, unauliza, na depo inajibu. Nilimfikiria Mzee Ramazani na nikasikitika kwamba hakuiona.

Kisha akanieleza aina mbili za mafaili, na hapo ndipo matata yalipoanza. Kuna chanzo, yaani maneno ambayo mtu ameandika kwa mkono wake na mtu mwingine anaweza kuyasoma. Na kuna yale yanayotoka mashine ikishakipika hicho chanzo: mafaili ambayo simu inayala vizuri sana, lakini binadamu akiyafungua anaona mstari mmoja mrefu usio na kichwa wala mkia. Haya ya pili hujikusanya yenyewe kwenye folda iitwayo build. Furaha alitaka tuandike jina la folda hiyo kwenye faili dogo liitwalo .gitignore, ambalo ni orodha tu ya vitu ambavyo Git haitakiwi kuvitazama.

Nilimuuliza kwa nini tufiche kitu kilichotoka kwenye mashine.

"Si kuficha, Papa. Ile inatoka kila siku. Ukiwa na mbegu, bugali utapika tena."

"Na siku kura haiko?" Kura ndiyo umeme wetu, na wenyewe mnajua tabia yake.

"Hapo uko na haki," alisema, akacheka. "Lakini kwetu Sange hakuna mutu anaweka bugali mu gala ya mbegu. Panya njo wa kwanza kufurahi."

Tangu siku hiyo atelie nzima ikaiita folda ile bugali, ugali wetu, na jina hilo mmelirithi bila kujua lilikotoka. Lakini sikukubali. Furaha aliniomba mara tatu kwa miezi tofauti, kila mara kwa adabu zaidi, na kila mara nilimpa hadithi ya mkuu wa shule na dari. Mara ya tatu aliisimulia pamoja nami mpaka mwisho, na sauti ya Mzee Ramazani akaiigiza vizuri kuliko mimi. Niliweka sheria: kila kilichopikwa kinaandikishwa kwenye depo, na sentensi yangu juu yake, "Imeonwa, imehifadhiwa." Na simu za watumiaji hazitachukua kitu kingine chochote isipokuwa kile chenye sentensi hiyo. Sikuwa na kashe tena, lakini mnaona jinsi mtu anavyojitengenezea nyingine.

Depo ikanenepa. Furaha alikuwa anafanya kazi wiki mbili za mwezi huko Sange, na kuvuta depo kwa mtandao wa simu kulimchukua tangu asubuhi mpaka wauza muhogo wanafunga magunia. Alikuwa ananitumia ujumbe: "Papa, bugali yako iko bado mu barabara." Na kila mara watu wawili walipopika siku moja, mafaili yale yaligongana. Git ilikuwa inasimama na kuniuliza, mimi mtunza depo, nichague lipi libaki. Nilipenda kuulizwa. Niliona migongano ile kama ushahidi kwamba kazi yangu ni nzito.

Sasa nifike kwenye kloro.

Mnawajua watu wa kloro wanaokaa pale ambapo akina mama wanateka maji ya ziwa, na bomba la seringi mkononi, wakitia dawa ya kuua vijidudu kwenye kila bido, yaani dumu. Asubuhi wanakoroga dawa hiyo kwenye ndoo kutoka unga, na idadi ya vijiko inategemea ukali wa unga. Furaha ndiye aliyebuni programu ya kuwaambia vijiko vingapi. Aliiandika peke yake, akaijaribu mwenyewe kando ya maji, akaketi na wale wanaokoroga mpaka nao wakaiita programu yao. Shefu Bahati alimwambia mbele yetu kwamba ikitembea vizuri msimu ule, atampa kuongoza kazi zote za atelie zinazohusu afya. Sikumbuki kumwona akitembea haraka kama wiki ile. Katika ndugu wanane, kila kitu alichowahi kuwa nacho kilikuwa kimevaliwa na mwingine kwanza. Hiki kingekuwa chake.

Kisha ukaletwa unga mpya, mkali karibu mara mbili ya ule wa zamani. Furaha, akiwa Sange, alibadilisha jedwali la vijiko kwenye chanzo, akapika, akatuma. Siku hiyo hiyo mimi, Kavimvira, nilikuwa nimesahihisha nukta za Kifaransa kwenye ukurasa wa msaada, na mimi pia nikapika. Chanzo kiliungana bila neno, kwa sababu tuligusa mahali tofauti. Lakini bugali mbili ziligongana, na Git ikaniuliza: yake au yako?

Nilifungua zote mbili. Mistari mirefu, hakuna mtu awezaye kuisoma. Ingekuwa rahisi kupika upya kutoka chanzo kilichoungana, dakika chache tu, lakini kura ilikuwa imekatika na ordinateri yangu ilikuwa inapumua pumzi za mwisho. Ya kwangu ilikuwa na sentensi "Imeonwa, imehifadhiwa." Ya kwake haikuwa nayo bado. Nikachagua ya kwangu. Niseme ukweli: sikulinganisha kazi mbili, nilichagua kashe yangu mwenyewe.

Furaha alituma ujumbe akiuliza kama mabadiliko yake yameingia. Nikajibu yameingia. Kwenye chanzo yalikuwa yameingia kweli. Lakini simu hazisomi chanzo. Simu zilikula bugali yangu, na bugali yangu ilikuwa ya unga wa zamani.

Siku mbili baadaye mke wangu aliweka bido mlangoni akasema maji ya leo ni ya kufulia mashuka. Nilimtania kwamba amezoea maji ya ziwa yenye ladha ya samaki. Akasema basi ninywe mimi, na akasimama pale na kikombe mpaka nikanywa. Sikumaliza. Siku ya tatu msimamizi wa watu wa kloro alifika atelie. Akina mama walikuwa wanamwaga maji yale njiani na kurudi kuteka ya ziwa yasiyo na dawa kabisa, mahali ambapo hakuna mtu wa seringi. Vijiko vilikuwa vya zamani, unga ulikuwa mpya, dawa ikawa kali mno. Programu ikasimamishwa siku ile ile, watu wa kloro wakarudia karatasi iliyobandikwa ukutani. Tulingoja tukiogopa kusikia habari za kipindupindu. Wiki mbili zikapita bila habari hiyo, na sijawahi kushukuru kwa kutosikia kitu kama nilivyoshukuru wakati ule.

Lakini kabla ya wiki hizo kupita, Shefu Bahati alituita. Na kabla hajatuita, nilikuwa nimeuliza depo. Ilijibu kama ilivyofundishwa: Kashindi, tarehe, saa, "Mgongano umetatuliwa. Imeonwa, imehifadhiwa." Nilikuwa natazama sahihi yangu mwenyewe. Nikatazama dari.

Mkutano ulikuwa mfupi. Shefu alimuuliza Furaha kama alibadilisha jedwali. Akasema alibadilisha. Shefu akauliza mbona basi simu zinasema vijiko vya zamani. Shefu wetu, mnamjua, ni mtu wa kutafuta kazi na kuzungumza na wakubwa. Historia ya depo hajawahi kuifungua. Furaha akanigeukia.

"Papa Kashindi njo anatunza depo. Tumuulize."

Nilikuwa na umri wa baba yake. Nilikuwa na hofu ya kurudishwa nyumbani kabla ya wakati, kama mashine iliyochakaa. Nilikuwa na majibu mengi ya kweli, na katika yote nikachagua moja ambalo lilikuwa kweli na uongo kwa pamoja. Nilisema:

"Depo ilipokea kile alichotuma."

Shefu alielewa alichoelewa, na nikamwacha aelewe. Furaha alinitazama kidogo, akafunga ordinateri yake. Programu ya kloro ikapewa mtu mwingine. Yeye akaambiwa awe anaingiza fomu. Aliziingiza wiki moja, kwa usafi, bila kosa hata moja, kisha akaandika barua ya kuacha kazi na kurudi Sange. Nilisikia anafundisha enformatiki kwenye shule ya sekondari, darasa la wanafunzi arobaini na ordinateri tatu.

Kwa miaka mitatu sikubadilisha sheria yangu. Kinyume chake, niliikaza. Mwenye kosa akilifanya kuwa desturi, halionekani tena kama kosa. Nyinyi mlikuja katika miaka hiyo na mkanikuta namna hiyo, mkawa mnanisaidia kuibeba bugali bila kuuliza. Mlikuwa watoto wenye adabu, na hiyo ni hasara kwa atelie. Mngenibishia kidogo.

Mwaka huu ilipofika zamu yangu ya kustaafu, Shefu aliniomba niandike karatasi ya makabidhiano, historia fupi ya depo kwa atakayenifuata. Niliandika mistari minne nikasimama. Mstari wa tano ulikuwa wa mgongano ule. Jumamosi iliyofuata nikaenda Sange.

Nilimkuta Furaha nyuma ya nyumba yao, miguu mitupu, akitembea juu ya mpunga ulioanikwa kwenye baesh, yaani turubai, akiugeuza kwa vidole vya miguu. Alinisalimia kama mtu aliyeniona jana. Akaniambia nivue viatu, maana mgeni anayesimama tu kando ya mpunga anafukuza jua. Basi nilivua, nikatembea mstari wangu naye wake, huku na kule. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndani ya gari. Ikanitoka vipande vipande, kila nilipogeuka kwenye ukingo wa baesh. Nilimwambia kwamba jedwali lake lilikuwa sahihi. Kwamba nilichagua bugali yangu. Kwamba nililijua jambo hilo kabla ya mkutano, na nikasema nilichosema.

Aliendelea kugeuza mpunga mpaka tukamaliza mstari.

"Papa, depo iliandika jina yako na saa. Minye nilisoma siku ile ile."

Niliuliza kwa nini basi hakusema.

"Ningesema, wangesema mutoto wa juzi iko anamutupia mzee kosa. Na tena nilijua utasema weye mwenyewe." Akasukuma mpunga na mguu. "Nilihesabu wiki moja. Kweli, Papa, ulichelewa kidogo."

Nilianza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Usiombe hapa. Hapa ni kuku tu banasikia. Andika ku depo. Kule njo uliandika ile ya kwanza."

Jumatatu niliandika. Niliongeza jina la folda kwenye .gitignore, mstari mmoja, herufi tano na alama ya mkwaju. Chini yake, mahali pa sentensi ya sababu, niliandika sentensi nne: kwamba kilichopikwa hakistahili kukaa na chanzo, kwamba mimi, Kashindi, nilichagua faili la zamani kwenye mgongano wa programu ya kloro, kwamba jedwali la Furaha lilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba nilijua na nikanyamaza. Kisha nikamwita Shefu Bahati, nikamketisha kwenye kiti changu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaisoma historia ya depo. Alisoma polepole. Hakunikemea. Alitoka nje kupiga simu Sange, na kupitia dirishani nilimwona akizungumza ameinamisha kichwa, jambo ambalo hata kwa wakubwa halifanyi.

Nilijiona nimemaliza. Kesho yake Furaha alinipigia.

"Papa, nimevuta depo. Nimesoma, asante. Lakini bugali iko bado ndani."

Nikamwambia haiwezekani, nimeandika mstari, Git haitaiona tena.

"Git inafumba macho ku kitu ambacho haijajua. Ile ya zamani inaijua. Umekataza ya kesho kuingia, lakini ya jana iko inalala palepale, na ikibadilika itaendelea kuandikishwa. Ile inapashwa kutolewa na mukono."

Miaka yote ile nikitunza depo, sikujua jambo hilo. Alinisomea amri kwenye simu, neno kwa neno, nami nikaiandika kwa kidole kimoja: git rm -r --cached build. Lile neno cached, alinieleza, ndilo linalosema toa kwenye depo lakini acha kwenye ordinateri, ili nisije nikatupa bugali na chungu chake. Nilibonyeza. Majina ya mafaili yakaanza kupita kwenye skrini, mengi, mengi, kama watu wanaotoka misa ya Pasaka, na kila moja niliwahi kulisindikiza kwa sentensi yangu.

"Yameisha?" aliuliza.

"Bado."

"Tungojee basi," akasema, nasi tukangoja, yeye Sange, mimi Kavimvira, mpaka yakaisha.

Furaha alirudi atelie mwezi ule ule, na kazi zote za afya zikawa zake. Jambo la kwanza alilofanya mmeliona: vilivyopikwa vina kabati lao sasa, mbali na depo, kila kimoja na namba yake, na simu zinachukua huko. Chumba kingine, ufunguo mwingine. Alipokuwa ananieleza mpango huo kwa fahari, nilimwambia kwamba kuna mzee mmoja wa Kiislamu aliyewahi kuufanya mbele yangu kila alasiri kwa miaka, na mimi nilikuwa nafagia. Basi mkianza kazi mpya, andikeni mstari ule kwenye .gitignore kabla ya kupika mara ya kwanza. Kilichoandikwa na mkono wa mtu kiingie. Kile ambacho mashine inaweza kukitoa tena, kikae nje. Na mkigongana, msichague chenye jina lenu, pikeni upya.

Limebaki jambo moja. Kutoa folda hakukutoa historia yake. Bugali zote za miaka ile bado ziko chini kabisa ya depo, na ndiyo maana ni nzito hivyo mtu anapoivuta kwa mara ya kwanza. Shefu Bahati, kwa huruma, aliuliza kama hatuwezi kuifuta historia hiyo yote, depo iwe nyepesi na mzee apumzike. Furaha alisema kufuta kunawezekana. Kisha akanitazama, akaniacha niseme mwenyewe, na safari hii sikuchelewa. Nilisema ibaki.

Kwa hiyo imebaki. Na nimeambiwa kwamba kila mgeni anapofika atelie na kuanza kuivuta depo, akaona mstari wa mtandao unatambaa mpaka saa sita, akauliza kuna nini humo ndani, Furaha hata hainui kichwa. Anamwambia tu:

"Ngojea kidogo. Papa Kashindi iko anapita."